Risasi zilizojazwa tena kwa mkono: je, kuziuza ni halali? Je, ni salama?



Vita ikipita inaacha vitu vingi mashambani na njiani: risasi ambazo hazikupigwa, maganda ya shaba, wakati mwingine hata magrenedi. Familia iliyokimbia mikono mitupu inaweza kuona pale pesa ya unga na chumvi. Na mnunuzi anaweza kutokea: mtu anayetaka maganda ili ayajaze baruti tena na kuyauza kama risasi mpya. Tueleze jambo hili wazi, kwa sababu linagusa maisha ya watu wengi kuliko yule anayeuza.

Risasi iliyojazwa tena ni nini?

Risasi ina sehemu nne: ganda, kiwashio kidogo cha nyuma, baruti ya ndani, na kichwa kinachoruka. Ikipigwa, ganda linabaki. Kulijaza tena kunafanywa katika nchi nyingi na watu wa kuwinda na wa michezo ya shabaha. Lakini hata Marekani, ambako silaha ni nyingi, mtu anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni, ila anayetaka kufanya biashara ya kuuza lazima apate leseni ya serikali kuu. Maana risasi mbaya inamwumiza mtu ambaye hakuijaza na hajui ndani yake kuna nini.

Sheria inasema nini kwetu?

Kongo ina Sheria namba 85-035 ya tarehe 3/9/1985 juu ya silaha na risasi. Silaha na risasi ni mambo ya kibali cha mamlaka. Mwenye kibali cha bunduki ya kuwinda hana kwa hicho ruhusa ya kutengeneza wala kuuza risasi. Kwa risasi za vita, kama zile za kalashnikov, hali ni nzito zaidi: sheria za kijeshi za tarehe 18/11/2002 zinaadhibu kuwa nazo bila ruhusa, na raia anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi.

Mtu asiseme, «mimi nauza maganda tu.» Mkataba wa Kinshasa wa tarehe 30/4/2010, ulioanza kutumika mwaka 2017 katika Afrika ya Kati, unahusu silaha ndogo, risasi, na pia vipande vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza. Tena, tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa umekataza kuyapa silaha makundi yenye kupigana huku Kivu.

Kwa nini ni hatari?

Baruti ikizidi, bunduki inaweza kupasuka usoni mwa anayepiga. Ikipungua, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaupasua. Ganda la zamani linaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni. Baruti inayowekwa ndani ya nyumba ya mahema, karibu na mbabula, inawaka kwa cheche moja. Na risasi iliyookotwa si mchezo: mtoto akiigonga kwa jiwe au akiitupa motoni, inaweza kumpofusha au kumkata vidole.

Hatari kwa kambi nzima

Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika tarehe 23/10/2009, unataka mahali pa waliokimbia vita pabaki pa raia, bila watu wenye silaha. Hiyo ndiyo ngao yetu. Risasi zikiuzwa kambini, ngao inatoboka: wenye silaha wanakuja kununua, na wapinzani wao wanakuja kuwafuata. Katika eneo letu, ambapo utawala umebadilika mikono mara nyingi, raia anayeshikwa na risasi mfukoni kila upande utamdhania ni wa upande mwingine. Jirani zake watahesabiwa pamoja naye.

Tufanye nini?

1. Ukiona risasi, ganda au kitu usichokijua, usikiguse. Rudi kwa njia uliyopitia.
2. Weka alama kwa mbali, kwa mawe au matawi, na uwaonye watoto.
3. Mjulishe shefu wa kijiji au rais wa kambi. Usibebe kitu hicho mwenyewe kwenda kukirudisha: kinaweza kulipuka, au ukashikwa nacho njiani.
4. Viongozi, pelekeni habari kwa watu wa kutegua mabomu, kama wale wa kituo cha taifa CCLAM au wa Umoja wa Mataifa, UNMAS. Andikeni mahali na siku, si jina la aliyeona. Mtu akiogopa kuadhibiwa atanyamaza.
5. Familia inayouza maganda kwa sababu ya njaa, isianze kuaibishwa. Itafutiwe kwanza nafasi katika kazi za mikono, shamba au likelemba ya kina mama.

Mwenye duka la risasi anahitaji vita ili apate wateja. Sisi tunahitaji amani ili turudi kwenye mashamba yetu. Shauri hili mliweke katika mkutano ujao wa kambi, na vijana wawepo.