Printa ya Wino na Matangi Yake

Wanafunzi wengi wamekwisha kuiona printa yenye matangi manne ya wino ubavuni, na mirija myembamba iingiayo ndani yake kama mishipa ya damu. Aliyepita Nasser Road mjini Kampala, mtaa ujulikanao kwa kazi ya uchapaji, hatashangaa kuona kitu kama hicho. Lakini ni wachache wajuao kwa nini imefungwa vile, au kwa nini mwenye printa hupiga kelele mtu akiyainua matangi yale. Yafaa tujue, kwani siku hizi karatasi za mitihani, barua za wazazi na magazeti ya shule hutoka katika mashine za namna hii, na mashine ikigoma juma la mitihani hakuna anayecheka.

Tuanze na printa yenyewe. Ndani yake kuna kichwa kiendacho huku na huku juu ya karatasi. Chini ya kichwa hicho mna vitundu vingi, vyembamba kuliko unywele, navyo hurusha matone ya wino. Njia za kuyarusha ni mbili. Canon na HP hutumia joto: wino huchemshwa ghafula ndani ya kitundu, povu la mvuke hutokea, nalo husukuma tone nje. Epson hutumia kijiwe ambacho kikipitishiwa umeme hujikunja kidogo na kuukamua wino. Vichwa vya joto huchakaa mapema zaidi, na katika printa nyingi za HP kichwa kimeshikamana na katriji, hata hutupwa pamoja nayo. Kichwa cha Epson hukaa ndani ya printa maisha yake yote. Ndiyo sababu mafundi hupenda zaidi kufunga matangi katika printa za Epson.

Katriji ya kawaida hubeba mililita chache tu za wino, na bei yake ni kali. Makampuni yalizoea kuuza printa kwa bei nafuu, kisha yakatafuta faida katika wino, mwaka baada ya mwaka. Tangi la nje huchukua kama mililita 100, na wino wa chupa ni rahisi mno ukilinganisha. Watu walipoanza kujifungia matangi wenyewe, makampuni hayakufurahi. Lakini mwaka 2010 Epson wenyewe walianza kuuza huko Indonesia printa zenye matangi kutoka kiwandani, na baadaye Canon, HP na Brother wakafuata. Kwa hiyo anayenunua printa mpya leo ni afadhali anunue ya matangi moja kwa moja. Haya nitakayoeleza ni kwa ajili ya wale wenye printa nzima ya katriji ambayo hawataki kuitupa, ingawa mengi yake yafaa kwa printa zote za matangi.

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani ya kuwa iko pampu isukumayo wino kutoka tangini mpaka kwenye kichwa. Printa ikifanya kazi yake ya kawaida, hakuna. Kila tone likitoka, wino ndani ya mrija husogea kujaza nafasi yake, na kinachousukuma ni hewa tu, hewa hii tuivutayo, inayoulalia wino ndani ya tangi. Basi hewa isipopata njia ya kuingia tangini, wino hausogei. Na tangi likiwekwa juu kuliko kichwa, wino utateremka wenyewe na kudondoka kupitia vitunduni, kama maji katika mpira wa kunyonyea petroli. Tangi likiwekwa chini sana, sakafuni kwa mfano, wino hurudi nyuma na hewa hupanda kichwani. Sentimita 10 za kimo ni karibu sehemu moja tu katika mia ya kani ya hewa itukandamizayo, lakini kwa vitundu vidogo vile hiyo ni nguvu kubwa. Mahali pa matangi, basi, ni juu ya meza ile ile iliyobeba printa, ubavuni mwake. Hapo wino huwa chini kidogo ya kichwa, na mvuto huo mdogo ndio uuzuiao usidondoke.

Mtu mwenye akili atauliza: je, wino ukipungua tangini kimo si hubadilika? Swali zuri. Tangi lililotengenezwa vema lina vyumba viwili, kikubwa na kidogo, vinavyowasiliana kwa chini. Chumba kikubwa huzibwa kabisa kwa kizibo. Hewa huingia kwa chumba kidogo tu, kupitia chujio. Kwa kuwa juu ya wino wa chumba kikubwa hewa haiingii ila kwa kupita chini, wino katika chumba kidogo hukaa karibu na sakafu ya tangi, hata kama kile kikubwa kimejaa. Hii ni chupa ya Mariotte, mwanafizikia Mfaransa wa karne ya 17, ambayo baadhi yetu tutaikuta katika maabara. Basi ukiona wino umepanda katika chumba kidogo, jua ya kwamba kizibo kikubwa hakikufungwa barabara, na mafuriko yako njiani.

Kufunga si kazi ngumu, bali yataka subira. Jambo la kwanza ni kuchapa karatasi ya majaribio kwa katriji za zamani. Printa iliyo mgonjwa isifungiwe matangi, maana haitapona, na lawama zote zitaangukia wino mpya. Ikiwa mistari yote yatokea mizima, jaza matangi kwa tundu kubwa huku tundu dogo la hewa limezibwa. Kisha geuza: ziba kubwa, fungua dogo, weka chujio. Halafu chukua bomba la sindano, livute wino kutoka mdomo wa kila katriji mpya mpaka utoke bila viputo. Usiharakishe hapa. Kiputo kimoja kilichoachwa ndani ya mrija chaweza kukusumbua kwa juma zima.

Ukisha kuzitoa katriji za zamani, tia mpya mpaka usikie zimeshika. Kila moja ina chipu ndogo iiambiayo printa kwamba wino upo. Hesabu yake ikifika mwisho, chipu hujianza upya, na nyingine zina kitufe cha kubonyeza. Jambo la kuangalia: makampuni mengine hutuma kwa intaneti mabadiliko ya programu ambayo huifanya printa izikatae chipu hizo, kwa hiyo wengi huizuia printa isijibadilishe yenyewe.

Linalofuata huharibiwa na wengi, nalo ni urefu wa mirija. Chomoa waya wa umeme, kisha kisukume kichwa kwa mkono, polepole, kutoka mwisho wa kulia hata mwisho wa kushoto. Mirija isivutike kikifika mbali, wala isilegee ikagusa karatasi kikiwa katikati. Ibane kwa vishikizo vyake katika nafasi hiyo, na uhakikishe ya kuwa kifuniko hakiikandamizi inapotokea. Baadaye washa printa, iamuru isafishe kichwa mara moja au mbili, uchape majaribio. Mistari ikikosekana, usisafishe mara kumi kwa hasira. Iache saa kadhaa, hata usiku kucha, kwani viputo vingi huondoka vyenyewe.

Kutunza kwataka macho zaidi ya mikono. Ukurasa ukianza vizuri kisha ukafifia kadiri unavyoendelea, hewa haiingii tangini: huenda kizibo cha tundu dogo kimesahauliwa, au chujio limelowa wino na kuziba. Likaushe au ulibadili. Mistari ikikosekana mahali pale pale kila mara, vitundu vimekauka. Ikihama leo hapa na kesho pale, mna hewa mirijani. Wino usishuke chini ya alama ya tangi hata siku moja, maana hewa ikisha kuingia mrijani itakubidi urudie kazi ya bomba la sindano.

Wino nao una tabaka zake. Upo wa rangi iliyoyeyuka kabisa, unaong'aa na kuwa rahisi, lakini ukipigwa na jua hufifia na ukidondokewa maji huchuruzika. Upo wenye chembechembe ndogo sana za rangi, ambao hustahimili maji na mwanga zaidi, nao wafaa kwa vyeti. Usichanganye wa aina hii na ule katika tangi moja, kwani waweza kugandana. Nami nisingemshauri mtu kubadili chapa ya wino kila mwezi kwa ajili ya shilingi chache.

Adui mkubwa shuleni ni likizo. Printa ikikaa majuma matatu au manne bila kazi, wino hukauka vitunduni. Dawa yake ni mtu mmoja aliye karibu kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila juma. Adui wa pili ni umeme. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kufunikwa kwa kifuniko cha mpira kisikauke. Ikizimwa ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi. Umeme ukirudi, washa, ngoja itulie, kisha uizime kwa kitufe.

Siku ya kuihamisha printa kwenda chumba kingine, ziba matundu ya hewa, bana mirija, na ubebe matangi na printa kwa pamoja, katika kimo kimoja, watu wawili. Yasiinuliwe, hata kwa dakika moja ya kufuta vumbi mezani.

Limebaki jambo moja ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Kila printa ikisafisha kichwa, wino uliotemwa huingia katika sifongo iliyo chini ndani yake, na printa huhesabu. Hesabu ikifika kikomo, hukataa kuchapa kabisa, taa zikimetameta, na watu wengi huitupa wakidhani imekufa. Haijafa. Katika nyingi fundi hubadili sifongo ile na kuirudisha hesabu kwenye sifuri kwa programu. Katika nyingine mpya zaidi sifongo imo ndani ya kisanduku ambacho mwenyewe waweza kukibadili. Lakini wako mafundi wairudishao hesabu tu na kuiacha sifongo iliyojaa, kwa hiyo muulize aliyekutengenezea akuonyeshe ile ya zamani. Ikiwa bado imo ndani, miezi michache baadaye utaona wino mweusi ukichuruzika mezani chini ya printa.