Anayeshika Upinde Hutafuta Nini?

Mwezi uliopita, nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili somo la maana za maneno hapa Kericho, niliandika ubaoni maneno manne: uta, upote, kigumba na podo. Nilitaka kuwaonyesha jinsi msamiati wa shughuli moja unavyoshikamana, kiasi kwamba neno moja likisahauliwa mengine nayo hulegea. Darasa lilikuwa na wanafunzi sitini na wawili. Waliojua kwamba uta ni upinde walikuwa saba. Upote, yaani uzi wa upinde, hakuna aliyeujua. Kigumba, kile chuma cha ncha ya mshale, alikijua mmoja tu, naye alitoka Kitui. Ama podo, ambayo ni ala ya kuwekea mishale, wengi walidhani nazungumzia ule mti wa podo unaopasuliwa mbao.

Ndipo kijana mmoja wa Bomet akainua mkono. Alikuwa ameona kwenye simu filamu ya Wamarekani waliovaa nguo za rangi ya majani, wamekaa juu ya miti wakiwavizia wanyama kwa pinde. "Mwalimu," akauliza, "watu hawa wana bunduki nyumbani kwao. Kwa nini mtu aiache bunduki ashike upinde?" Wenzake walicheka. Nami nikajibu kwa mzaha kwamba mwenye shibe hutafuta namna ya kujichosha. Kengele ikalia, tukatoka. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, kwa maana lilistahili jibu la mtu mzima. Makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Tuanze huko Marekani. Uwindaji wa upinde wa nyakati zetu una deni kubwa kwa mtu mmoja aliyekuwa amepoteza kila kitu. Mwaka 1911, katika mji wa Oroville jimboni California, alitokea mwanamume mwenye njaa, wa mwisho katika kabila la Wayahi, ambalo lilikuwa limemalizwa na mauaji ya walowezi, maradhi na njaa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walimchukua hadi San Francisco wakamwita Ishi, neno ambalo katika lugha yake lina maana ya "mtu" tu, kwa sababu mila yao haikumruhusu kujitaja jina. Mwaka 1915 Edward Sapir, ambaye sisi wanaisimu tunamhesabu miongoni mwa walimu wetu wakuu, alikaa naye akiandika maneno ya Kiyahi kabla hayajazikwa. Wakati huo daktari mmoja aliyeitwa Saxton Pope alikuwa akijifunza kwa Ishi jambo jingine: kuchonga upinde, kutengeneza mshale, kumwita mnyama na kumnyemelea. Ishi alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu juu ya uwindaji wa upinde, na watu wengi waliokisoma walienda kujichongea pinde zao.

Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa kuwinda kwa upinde peke yake, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1969 Holless Wilbur Allen alipata hataza ya upinde wenye magurudumu madogo kwenye ncha, aina ile ile aliyoiona mwanafunzi wangu, ambao humpunguzia mpigaji uzito wa kuvuta anapolenga. Tangu hapo wawindaji wa namna hiyo wameongezeka sana.

Ukiwauliza sababu, watakutajia kwanza ile ya kalenda: msimu wa upinde huwa mrefu kuliko wa bunduki, na msitu huwa na watu wachache. Hiyo ni sababu ya kweli, wala haina haja ya falsafa. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mwenye bunduki huweza kumwua mnyama aliye umbali wa mita mia mbili, mnyama ambaye hajui kwamba kuna mtu duniani. Mwenye upinde hana budi kufika karibu, mita thelathini au pungufu, mahali ambapo pumzi yake inasikika na harufu yake inanuswa. Hapo hawezi kutegemea chombo. Anategemea alichojifunza: upepo, nyayo, subira. Hurudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi, na bado kesho hutoka tena. Kwa hiyo anachokitafuta si nyama peke yake. Anataka kujua kama yeye mwenyewe, bila msaada mkubwa wa mashine, anaweza kufika karibu na kiumbe kingine.

Sasa turudi kwetu, kwa maana Pope naye alikuja kwetu. Mwaka 1925 yeye na mwenzake Arthur Young walifunga safari hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, huku rafiki yao Stewart Edward White akiwalinda kwa bunduki. Walirudi kwao, wakasifiwa kwa ujasiri.

Katika miaka hiyo hiyo, hapa Kenya, mwenyeji aliyefuma pongo kwa upinde aliorithi kwa babu yake alihesabiwa mhalifu. Sheria za kikoloni ziliufanya uwindaji kuwa haki ya mwenye leseni, na leseni ilikuwa ya mwenye fedha na rangi inayofaa. Theodore Roosevelt, aliyekuja mwaka 1909 mara tu baada ya kuacha urais wa Marekani, aliua pamoja na mwanawe Kermit wanyama wapatao 512, naye akaitwa mwindaji na rafiki wa elimu ya viumbe. Mwenyeji aliitwa jangili. Neno hili linahusishwa na neno la Kihindi lenye maana ya "wa mwituni". Na hakika ndivyo walivyotazamwa Waata wa Tsavo, mafundi wa pinde ambazo nguvu zake zililinganishwa na zile pinde ndefu za Waingereza wa kale. Katika kampeni ya 1956 na 1957 ya kupambana na ujangili, wengi wao walitiwa gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili wapate kuwinda kwa halali, lakini haukudumu. Kisha, mwezi wa Mei 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema waziwazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa.

Sikuridhika kuyasoma haya vitabuni. Nilimwendea jirani yangu, mzee aliyepita miaka sabini na mitano, ambaye wajomba zake ni Waogiek wa upande huu wa Mau. Nilimkuta kwenye kituo cha kununulia majani chai, ameketi juu ya gunia akingoja lori.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising, mwalimu. Leo hufundishi?"

Nikamwambia nimekuja kufundishwa. Nikamwuliza swali la mwanafunzi wangu. Alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye hakuchagua upinde, maana bunduki haikuwapo. Alipewa upinde mdogo na mishale isiyo na chuma akiwa mtoto, awapige ndege. Alipokua, mjomba wake alimpeleka msituni, na kwa mwaka mzima hakumruhusu kufuma chochote. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya njia ya wanyama na jioni kueleza ni nani aliyepita, alikuwa akielekea wapi, na upepo ulikuwa ukitoka upande gani. "Mjomba aliniambia, ukimwona mnyama naye amekuona, rudi nyumbani. Siku yako imekwisha."

Alinieleza juu ya sumu ya mshale, inayochemshwa kutokana na mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Mnyama aliyefumwa husimamishwa moyo, na nyama iliyozunguka jeraha hukatwa ikatupwa. Hapa nikampa mzee jambo ambalo hakulijua, kwamba kiini cha sumu hiyo, ambacho Mfaransa Arnaud alikitenga mwaka 1888, kiliingia katika utabibu kama dawa ya moyo kwa jina la wabaini, nalo latokana na neno la Kisomali, waabaayo. Akacheka sana. Kisha akanikumbusha mshale mwingine, ule wenye kizuizi nyuma ya ncha, unaotoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe ili damu ikingwe katika kibuyu, na ng'ombe akaendelea kula majani kana kwamba hakuna kilichotokea. "Mkono unaoweza mshale ule," alisema, "umeshafundishwa kiasi."

Nilimsikiliza, na moyoni nilikuwa na jambo langu, ambalo ndilo lililonizuia kumjibu mwanafunzi darasani.

Januari 2008 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili isiyo mbali na mpaka wa Sotik na Borabu. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yamewasha moto, na vijana wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wameshika silaha, kama walivyofanya kaka zao katika mapigano ya 1992. Asubuhi moja nilikutana barabarani na kundi la vijana, na miongoni mwao nikamtambua mmoja kwa sweta ya shule. Alikuwa wa kidato cha tatu, hodari wa insha. Mkononi alikuwa na upinde wa fito mbichi uliofungwa kamba ya nailoni, na mishale iliyotiwa misumari ya inchi sita iliyofuliwa bapa. "Habari ya asubuhi, mwalimu," alinisalimu kwa adabu ile ile ya darasani. Nikaitikia, nikapita. Sikumwambia neno jingine. Kijana yule hakuwa amewahi kuwinda hata sungura. Hakujua upepo wala nyayo. Upinde aliushika kwa mara ya kwanza siku ile, na aliyetarajiwa kuwa mbele yake alikuwa binadamu.

Nisije nikawadanganya wasomaji. Upinde wa kale nao uliua watu. Mababu waliutumia vitani na katika kuteka mifugo, na mwindaji stadi hakuwa malaika. Ninachosema ni kwamba upinde ulikuwa na shughuli nyingi, na vita ilikuwa mojawapo tu. Mtoto aliujua kwanza kwa ndege, kwa ng'ombe, kwa mjomba aliyemkalisha mwaka mzima akitazama. Sisi tumeziondoa shughuli hizo zote moja baada ya nyingine, nyingine kwa sheria na nyingine kwa uzembe, tukaiacha ile moja. Marufuku ya 1977 ilimwondoa mwalimu; upinde wenyewe haikuweza kuuondoa, kwa sababu fito na kamba hazihitaji leseni.

Je, nataka uwindaji urudishwe? La. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika nyanda za malisho za Kenya wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977, tena chini ya marufuku. Hatuna wanyama wa kuchezea. Suala la Waogiek ni la namna nyingine. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao za ardhi, dini na utamaduni, na kwamba kuharibika kwa Mau hakuwezi kuwa kisingizio cha kuwafukuza. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Hukumu hiyo itekelezwe, kisha wao wenyewe waseme wanataka kuishi vipi na msitu wao.

Kwa sisi wengine, nina mapendekezo mawili, nayo nayaelekeza kwa walimu. Kwanza, ulengaji shabaha kwa upinde upewe nafasi katika michezo ya shule. Si mchezo wa kigeni kama wengi wanavyodhani. Shehzana Anwar, mpigaji mishale, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki za Rio de Janeiro mwaka 2016. Shule zetu zina viwanja, na vijana wetu wana mikono. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia wangoje kabla ya kuachia uzi. Pili, wanafunzi watumwe kwa wazee wakiwa na daftari, waulize majina ya miti, sehemu za upinde, aina za mishale, katika lugha zao za nyumbani na katika Kiswahili. Sapir alimpata Ishi akiwa amebaki peke yake. Sisi bado tunao wazee wanaongoja lori la majani chai.

Kazi hiyo nimekwisha kumpa kijana wangu wa Bomet. Wiki iliyopita alirudi na kurasa nne alizoandika kwa babu yake, na uzi wa upinde umo. Nilimwuliza kama mzee alikuwa mgumu kusema.

"Si mgumu, mwalimu," akanijibu. "Lakini nilipomwambia nataka kujua habari za upinde, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza, 'Mmegombana na nani?'"