CHETI CHA DUKA SI MSHAHARA



Sisi wa viwanda vya Luzira hulipwa shilingi. Shilingi hiyo hupokelewa soko lolote, hulipa ada ya mtoto, hutumwa kwa wazazi kijijini. Lakini wako wachimbaji wa madini waliolipwa fedha ya namna nyingine: vipande vya bati au karatasi vyenye jina la kampuni, visivyopokelewa ila katika duka la kampuni hiyo hiyo.

Machimbo yalikuwa mbali na miji. Nyumba ni ya kampuni, duka ni la kampuni, na bei alipanga mwajiri. Tuseme umepewa vyeti vya shilingi 20,000. Mjini sukari ni shilingi 4,000 kwa kilo. Ungepata kilo 5. Duka la kampuni linauza kwa 5,000. Unapata kilo 4. Kilo moja imerudi kwa mwajiri, na daftari lake linasema umelipwa kamili. Ukikopa kabla ya mwisho wa mwezi, deni linakufunga. Hata kuhama huwezi, maana cheti hakilipi nauli.

Ndivyo ilivyokuwa katika makaa ya mawe ya West Virginia, Marekani, na katika jangwa la kaskazini mwa Chile. Huko Chile, Desemba 1907, maelfu ya wachimbaji wa madini ya mbolea waligoma na kushuka mji wa Iquique. Dai lao mojawapo: vipande vya kampuni vibadilishwe kwa thamani kamili. Tarehe 21 askari waliwapiga risasi katika shule ya Santa María, wakafa wengi.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 95. Unakataza kulipa mshahara wa fedha kwa vyeti au kuponi, na kumshurutisha mfanyakazi kununua katika duka la mwajiri. Uganda iliuridhia mwaka 1963, na Sheria ya Ajira ya 2006 inaagiza mshahara ulipwe kwa fedha halali.

Basi, iwe kiwandani au katika shamba la chai au miwa, ukiambiwa "chukua cheti hiki, unga utapata pale getini", uliza: Duka jingine litakipokea? Bei ni ile ya soko? Nikikikataa, nitalipwa shilingi? Jibu moja likiwa hapana, usitie sahihi wala dole gumba. Mwone kwanza mwakilishi wa chama hapo kazini.