Dawa ya Kifafa Haiachwi Ghafla

Vidonge vya kabamazepini vina tabia moja ambayo hata baadhi ya wauza dawa hawaijui: vikivuta unyevu, vinakuwa vigumu. Kwa macho ni vilevile, lakini vikifika tumboni haviyeyuki inavyotakiwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaonya kwamba vikiwekwa mahali penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Mgonjwa anameza kama alivyoelekezwa, hakosi hata siku moja, na bado anaanguka. Nyumbani wanasema dawa imemkataa.

Hapa Kwakoa, kata ya Wilaya ya Mwanga iliyoko tambarare, chini ya Milima ya Upare kuelekea Ziwa Jipe, ni nchi ya jua na vumbi. Unyevu unawasumbua zaidi walioko juu, Usangi na Ugweno, kwenye ukungu. Lakini hata huku chini kuna jiko. Vidonge vikihesabiwa kutoka kopo kubwa la zahanati vikatiwa kwenye kibahasha, na kibahasha kikachomekwa kwenye fito juu ya sufuria ya makande, vinakula mvuke kila jioni. Pa kuviweka ni kwenye kopo linalofunga vizuri, chumbani, mbali na moto na mikono ya watoto.

Dawa yenyewe ilitengenezwa mwaka 1953 na mkemia Walter Schindler wa kampuni ya Geigy, mjini Basel, Uswisi. Ilianza kutumika kwa maumivu makali ya mishipa ya fahamu ya uso, ikahamia kwenye kifafa, na miaka ya 1970 madaktari wa Japani, akiwemo Teruo Okuma, wakaonyesha kwamba inawatuliza pia wagonjwa wa baipola wanapopandwa: mtu halali, anaongea mfululizo, anauza ng'ombe wa baba yake kwa bei ya mbuzi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kukaa benchi moja la kliniki, huyu wa kifafa, yule wa akili, wakaondoka na kidonge kilekile.

Kazi yake anaielewa upesi yeyote aliyewahi kumwagilia kwa maji ya ndiva, lile bwawa la asili la Wapare linalojazwa na kuzibuliwa kwa zamu. Kila seli ya ubongo ina vilango vya kupitishia chembe za sodiamu. Kilango kikifunguka seli inatuma ujumbe. Kisha kinajifunga na kupumzika kidogo kabla ya zamu nyingine. Wakati wa kifafa vilango havipumziki, seli zinafyatuka pamoja bila mpangilio. Kabamazepini hukishika kilango kikiwa kimejifunga na kukichelewesha kufunguka. Seli inayofyatuka kupita kiasi ndiyo inayobanwa zaidi; ile inayokwenda kwa mwendo wa kawaida huachwa ifanye kazi yake.

Hayo yote hudumu kwa muda ambao dawa imo kwenye damu tu, na hapo ini linaingilia. Wiki za mwanzo mwili huchukua kama saa 36 kupunguza nusu ya dawa. Baada ya wiki tatu hadi tano ini linakuwa limejifunza kuivunja, na muda huo unashuka hadi saa 12 hivi mpaka 17. Kwa hiyo mgonjwa aliyetulia mwezi wa kwanza anaweza kuanguka tena katikati ya mwezi wa pili, na wala hajalogwa upya. Anachohitaji ni kurudi kliniki dozi ipandishwe. Kwa maoni yangu hili lilipaswa kusemwa siku ileile anapopewa kibahasha cha kwanza, maana wengi hukata tamaa hapo.

Wengine huacha kwa sababu ya kinyume: wamepona, au wanadhani hivyo. Wa kifafa anasema miezi sita sijaanguka. Wa baipola anasema najisikia vizuri, tena vizuri mno, na huenda ndiyo anaanza kupanda. Au boda ya kwenda Mwanga mjini haikupatikana, au kliniki imeishiwa. Ubongo uliozoea kushikwa, ukiachiwa ghafla, unaweza kutoa degedege moja baada ya jingine bila mtu kurudiwa na fahamu, na hilo linaua. Likizidi dakika tano, ni la kukimbizwa hospitali.

Tanzania ina ushahidi wake wa muda mrefu kwamba kifafa kinaua. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa 164 waliotibiwa pale walifuatiliwa kwa takriban miaka 30. Kwa wengi dawa ilizuia kuanguka au ikapunguza. Hata hivyo, mwisho wa ufuatiliaji karibu theluthi mbili yao walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: degedege lisilokoma, kuzama majini, kuungua moto. Mafiga matatu na mfereji wa maji vipo Kwakoa pia.

Kama daktari ameridhika kwamba dawa inaweza kuachwa, kwa kawaida baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka, inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Dozi moja ikisahaulika, meza ukikumbuka. Muda wa inayofuata ukiwa umekaribia, iache ile iliyopita. Usimeze mbili kufidia.

Ipo hali moja ya kusimamisha papo hapo. Wazee wanaokumbuka Fansidar, dawa ya malaria, wanakumbuka pia iliowababua ngozi. Kabamazepini nayo, hasa miezi miwili ya mwanzo, mara chache huleta balaa hilohilo: vipele, homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi kubanduka. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo, dawa aibebe mkononi badala ya kuimeza. Usingizi, kizunguzungu na kuona vitu viwili ni kero nyepesi zaidi, ingawa mtu anayepepesuka njiani atasingiziwa kulewa dengelua. Na dengelua yenyewe, kwa anayetumia dawa hii, ni ya kuachana nayo.

Kizunguzungu kikianza ghafla kwa mtu aliyekwisha kuizoea dawa, muulize kama amenunua erithromaisini dukani. Hiyo huzuia ini kuivunja kabamazepini, ikajaa mwilini. Kwa upande wake kabamazepini hulifanya ini livunje haraka dawa nyingine: dawa mseto ya malaria hupungua nguvu, na baadhi ya dawa za VVU pia. Malaria lazima itibiwe, kwani homa yake nayo huamsha kifafa; ila mtoa dawa ajue ili achague inayofaa.

Vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti navyo hudhoofishwa. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havidhuriki. Sasa, binti aliyeficha kifafa chake ili aolewe hawezi kumwambia nesi anayempandikiza kijiti kwamba kila jioni anameza kitu kingine. Anashika mimba asiyoitarajia. Kama anachomeza ni kabamazepini, hatari kwa mtoto ipo lakini ni ndogo, na kliniki itampa foliki asidi na kumfuatilia. Kama ni valproeti, ndugu yake anayetibu magonjwa hayohayo mawili, karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za viungo, na watatu hadi wanne kati ya kumi huchelewa kukua kiakili. Shirika la Afya Duniani limesema isitumiwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Anayeimeza sasa asiitupe. Awahi kliniki abadilishiwe, ikiwezekana kabla ya harusi, na nesi ampokee faraghani, bila mama mkwe.