Mchoraji Aliyemkumbuka Mama

Mwezi huu tunaongea juu ya picha za vitabuni.

Wengi wetu tumesikia hadithi ya Kisiwa Chenye Hazina, ile ya kijana Jim na maharamia. Mwandishi ni Robert Louis Stevenson. Lakini mchoraji anayekumbukwa zaidi kwa picha zake ni N. C. Wyeth, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1882. Baba yake hakuipenda sana kazi ya kuchora, mama ndiye alimtia moyo. Mwaka 1902 akapokelewa na mwalimu Howard Pyle, ambaye hakutoza karo. Mwaka 1911 akachora picha za kitabu hicho, na malipo yake yakamsaidia kununua ardhi na kujenga nyumba huko Chadds Ford, Pennsylvania.

Angalia jambo moja. Kitabuni, Jim anamuaga mama yake kwa maneno machache tu, safari inaendelea. Wyeth hakupita haraka hivyo. Alichora kijana anaondoka na furushi lake, na nyuma yake mama analia, uso ameuficha kwenye aproni. Sisi tuliofungasha haraka tunaielewa picha hiyo bila mkalimani.

Wyeth alikuwa na watoto watano. Andrew alikuwa mgonjwa mgonjwa, kwa hiyo alisomea nyumbani, na baba akamfundisha kuchora. Akawa mchoraji mkubwa hadi alipofariki mwaka 2009. Nathaniel yeye alipenda mitambo. Akawa injinia, na mwaka 1973 uvumbuzi wake ukasajiliwa: chupa ya plastiki ya soda. Ndiyo hiyo inayouzwa paki ya teksi Jinja na sokoni Mbale, na sisi ikiisha tunawekea mafuta ya kupikia!

Baba yao alifariki mwaka 1945, gari lake lilipogongwa na treni. Mjukuu wake alikufa pamoja naye.

Basi mzazi, mtoto akichora ukutani kwa mkaa, usikimbilie fimbo. Mpasulie mfuko wa simenti, achore humo. Muulize: "Huyu ni nani? Anaenda wapi?" Akichora nyumba iliyobaki kule nyuma, kaa naye, msikilize. Kuna mambo mtoto hawezi kuyasema kwa mdomo. Na yule asiyependa kuchora, ambaye kila siku anafungua redio na kuirudishia, huyo naye usimfukuze.