Beetle ya Kwanza: Kweli na Uongo Anaouziwa Kijana

Kijana wa Nairobi akisema gari lake la kwanza litakuwa Volkswagen Beetle au Peugeot 504, kila mtu humshauri, na sehemu kubwa ya ushauri huo humtia hasara. Yafuatayo ndiyo husemwa mara kwa mara.

"Injini ikiwaka vizuri, gari ni zima."
Si kweli, na huu ndio uongo ghali kuliko wote. Injini ya Beetle imeshikwa na boliti nne. Fundi anayeijua huishusha mapema na kuirudisha siku hiyo hiyo. Kinachoua gari hili ni kutu. Betri yake hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na asidi inayovuja kwa miaka hula sakafu. Inua kiti hicho, omba betri itolewe, kisha bonyeza bati kwa bisibisi. Likibonyea au kumeguka, umeona ya kutosha. Chukua pia sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa na kuipitisha chini ya milango na pembeni mwa taa. Isiponata, ujue rangi hiyo imepakwa juu ya puti. Gari lililoishi Mombasa au Malindi likaguliwe mara mbili, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi. Mimi naamini zaidi rangi iliyopauka kuliko iliyopigwa juzi: iliyopauka haina cha kuficha.

Ukiwa bado umeinua kiti, tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye uti wa katikati wa sakafu na uilinganishe na ya kwenye logibuku.

"Mambo ya karatasi tutamalizana baadaye."
Uongo mtupu. Magari haya yamepita mikono mingi, na si ajabu logibuku kuwa bado na jina la mzee aliyefariki zamani. Aliyesajiliwa ndiye anayehamisha umiliki. Akiwa hayupo, warithi wake wanahitaji hati za mahakama za kusimamia mirathi. Usitoe hata amana kabla ya kujua nani ana haki ya kuuza.

"Haitumii maji, kwa hiyo haichemki."
Si kweli. Beetle hupozwa kwa hewa inayosukumwa na feni, na mkanda unaozungusha feni hiyo ndio unaozungusha jenereta. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka. Dereva asiyejua hudhani ni shida ya betri, akaendelea hadi nyumbani, na injini ikaungua njiani. Taa hiyo ikiwaka, simama papo hapo. Weka mkanda wa akiba na spana yake ndani ya gari. Oili nayo ni chache, lita mbili na nusu tu, hivyo ikaguliwe mara kwa mara na kubadilishwa mapema kuliko ya magari ya leo.

"Spea zimekwisha."
Nusu kweli. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. 504 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Plagi, breki na vifaa vya kabureta hupatikana, na Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, ndipo pa kuanzia. Kinachosumbua ni vile vitu vidogo: raba za vioo, vipande vya kromu, vioo vya taa vya mwaka fulani. Nunua gari lililokamilika, hata kama ni ghali kidogo.

"Kama hapa hakuna gari zuri, nitaagiza Uingereza."
Kwa kawaida haiwezekani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania hutoza magari chakavu ushuru wa ziada.

"Litaharibiwa na petroli isiyo na risasi."
Kwa Beetle, si kweli: viti vyake vya valvu ni vya chuma kigumu kilichopachikwa kwenye kichwa cha aluminiamu. Ila ukitaka Morris Minor, muulize fundi kama viti vya valvu viliwahi kubadilishwa.

"Barabara zetu hazitaliacha zima."
Beetle ilishinda mbio za Safari miaka ya 1953, 1954, 1957 na 1962. 504 ikashinda 1975 na 1978. Shida haiko kwenye mashimo. Breki za Beetle nyingi ni za ngoma zisizosaidiwa na kitu, na Beetle za zamani zaidi hazina hata mikanda ya usalama. Ukibanwa na matatu kwenye barabara kuu ya Thika, utahitaji nafasi kubwa ya kusimama. Kwa hiyo kama ndilo gari lako pekee la kwendea kazini kila siku, ushauri wangu ni usubiri.

Ukishalinunua, usianze na rangi wala rimu. Anza na mipira ya petroli. Ile ya zamani hupasuka na kudondosha petroli juu ya injini iliyo moto, na Beetle huteketea hivyo. Mpira mpya ni wa bei ndogo. Ubadilishwe kabla ya safari yako ya kwanza.