Foleni ya Mlimani na Watoto Garini

Barabara ya mlimani ikitengenezwa na magari yakasimamishwa, wanaume hushuka wakaenda kutazama katapila. Mama hubaki garini na mtoto anayelia, mwingine anayetaka kujisaidia, na chupa ya maji iliyobaki nusu. Wasomaji wa Iringa na Mbeya mnaijua hali hiyo. Ni nani kati yenu hajakaa Kitonga akingoja lori bovu liondolewe? Leo natazama barabara ya mbali zaidi, kwa sababu dada mmoja tuliyeimba naye kwaya Kigoma aliniuliza habari zake, na swali lake linawahusu wengi.

Dada huyo ni Mkongo. Anaishi na mumewe Missoula, jimbo la Montana nchini Marekani, mji ulioanza kupokea familia za wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2016. Mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka kwao ipo Hifadhi ya Taifa ya Glacier, na ndani yake barabara iitwayo Going-to-the-Sun, yaani "kwenda kwenye jua". Baba alitaka kuwapeleka wote siku ya mapumziko. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na watoto wawili, wa miaka sita na wa miaka miwili. Walikuwa wamesikia kwamba mafundi wako kazini na magari yanasimamishwa. Je, aende?

Kwanza tuijue barabara yenyewe. Ina urefu wa kilomita 80 hivi, nayo hupanda hadi Logan Pass, mita 2,026 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Eldoret. Ilizinduliwa rasmi Julai 1933. Ramani ya kwanza ilikuwa na kona za kurudi nyuma 15 mfululizo. Mchoraji Thomas Vint akapinga, akasema mlima utaharibika, na mwishowe ikajengwa kona moja tu ya namna hiyo. Sehemu iliyobaki ilichongwa ubavuni mwa mwamba. Wafanyakazi watatu walipoteza maisha katika ujenzi huo.

Barabara ya namna hiyo haimaliziki kutengenezwa. Theluji huifunika majira yote ya baridi, na karibu na kilele hurundikana hata kufikia mita 24. Magreda huanza kuisafisha mwezi wa Aprili, lakini mwaka 2011, na tena 2022, haikufunguka yote mpaka tarehe 13 Julai. Mahali ambapo theluji huporomoka, kingo za barabarani ni za magogo, nazo hung'olewa kabla ya baridi na kurudishwa baadaye, maana ukuta wa mawe ungesombwa. Mvua kubwa ya Novemba 2006 ilikata barabara upande wa mashariki. Sasa fikiri: kazi ya lami na kuta za mawe haina muda mwingine ila miezi hiyo michache ya kiangazi, nayo ndiyo miezi ambayo wageni wote wanakuja. Ndiyo sababu ya foleni. Haifai kumkasirikia mtu wa bendera. Njia ni nyembamba, na upande mmoja ukipita mwingine lazima ungoje. Magari yanayozidi mita 6.4 kwa urefu hayaruhusiwi kabisa sehemu ya juu.

Kungoja huko kwa kawaida si kwa siku nzima kama tulivyozoea. Ni dakika kadhaa, pengine nusu saa au zaidi kidogo. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili nusu saa ni ndefu, na kwa mwanamke mwenye mimba kubwa aliyebana mkojo ni ndefu zaidi. Nimewahudumia wengi waliopata maambukizo ya njia ya mkojo, na wengi wao huacha kunywa maji safarini ili wasisumbue dereva. Mama, kunywa maji. Na baba ajue kwamba kusimama kila penye choo ni sehemu ya safari, wala si deko.

Gari likisimama, zima injini, hasa kama nyuma na mbele yako kuna magari. Moshi ule hauna rafiki. Msimwache mtoto peke yake garini vioo vimefungwa, hata kama hewa ya nje ni baridi, kwa maana jua la mlimani hupasha gari upesi. Mwenye mimba anyooshe miguu na kuzungusha vifundo, na pakiruhusiwa ashuke atembee kidogo, damu isilale miguuni. Anayetapikia kona apewe chakula chepesi kabla ya safari na atazame mbele, asiiname kwenye kitabu. Sweta ni lazima hata Julai. Chakula kisiachwe nje, kwani dubu wapo. Na jazeni mafuta mapema. Ndani ya hifadhi hakuna pa kuyanunua.

Lakini jambo lililonifanya nimjibu bila kusita halikuwa hilo la kungoja. Sehemu kubwa ya barabara ile simu haishiki. Hospitali kubwa ya upande wa magharibi iko Kalispell, zaidi ya kilomita 90 kutoka kileleni. Mimba ya miezi minane inaweza kuanza uchungu, chupa ikapasuka, damu ikatoka. Na hapo dakika 40 nyuma ya katapila hazirudishwi na mtu. Nilimwambia asipande.

Baba hakupendezwa. Alisema amekwisha kuomba ruhusa kazini. Tukazungumza naye kwa simu, mimi na mume wangu, naye mume wangu ndiye aliyepata neno: waende wote, lakini waishie Avalanche, kabla barabara haijaanza kupanda. Hapo kuna vyoo, na njia ya mbao isiyo na mwinuko, kama kilomita moja na nusu, inayozunguka katikati ya mierezi mikubwa. Hata kiti cha magurudumu hupita.

Walikwenda Jumamosi. Mtoto mkubwa alihesabu miti mpaka akachoka, mama akatembea nusu ya njia na kukaa kwenye benchi. Baba alipanda Logan Pass peke yake mwezi wa Septemba, mtoto wa tatu akiwa na wiki mbili.